Mfuko wa Ndani

Kabla ya kulazwa nilijishonea mfuko
upande wa kushoto wa koti langu la kijivu,
chini kidogo ya kwapa, pasipoonekana.
Paketi moja ya vidonge, kadi moja iliyokunjwa:
vipimo nilivijua.
Miaka thelathini nimemshonea kaka yangu makoti.

Ziemowit alianguka na kigari cha theluji akiwa na miaka tisa.
Bandama ikapasuka, wakaitoa usiku uleule.
Tangu hapo homa nyumbani kwetu haikuwa homa tu.
Mama alimgusa paji la uso kama agusaye sufuria ya moto,
kisha mbio naye nje, viatu havijafungwa kamba.
Sasa ni mzee mwenye kipara, na bado hupapasa koti
kabla ya kuufungua mlango.

Basi Daktari Kmiecik aliponichorea tumbo langu
nyuma ya bahasha, kwa wino wa kijani,
sikuutazama uvimbe. Nilitazama kilicho pembeni.
"Hili ni kongosho, limelala kama ulimi.
Hapa mkiani pana kifuko cha maji mazito.
Leo hakina ubaya. Kesho sikidhamini.
Na hii, inayoguswa na mkia, ni bandama."
"Nayo imekosa nini?"
Akafikiri. "Imekosa jirani mwema."

Zamani ilikuwa mwenzako akinyolewa, wewe tia maji:
mkia ukikatwa, bandama nayo hufuata,
kwa kuwa mshipa wake hupita nyuma ya kongosho,
umezama humo, kama mto wa mji wetu.

Maana Łódź ni mashua, na wageni hutucheka:
mashua gani hii, na maji yako wapi?
Yapo. Viwanda viliyanywa, vikayatia rangi,
kisha yakafunikwa kwa matofali na lami.
Simama usiku karibu na kifuniko cha chuma,
utausikia mto ukienda zake.

"Nitafumua," alisema. Aliijua kazi yangu.
"Kila kimshipa nikifunge peke yake, ndipo nikikate.
Mshipa mkubwa ukinishinda, nitaukata nao,
bandama ijaribu kuishi kwa mishipa midogo ya tumbo,
kama mpangaji achotaye maji kwa jirani.
Hilo nalo likishindikana, nitaitoa. Siahidi."
Nilimwamini kwa neno hilo la mwisho.

Nami nimefumua hariri kwenye bitana kuukuu.
Huvuti. Ukivuta umepoteza vyote viwili.
Unanyanyua uzi mmoja, unapumua, unakata.

Saa tano, waliniambia. Mimi sikuwepo.
Nilipoamka, kinywa kikavu kama pamba,
sikumsalimu hata muuguzi Jagna. Nilimwuliza tu.
"Ipo," akasema. "Tawi moja lilivuja, wakalifunga.
Pembe ya juu imekuwa nyeusi. Lakini ipo."

Sitasema yaliyofuata yalikuwa mepesi.
Kongosho likikatwa hulia polepole:
siku ishirini na tatu mrija ulidondosha maji ya kahawia
kwenye chupa niliyoibeba kwa mkanda wa maua,
niliojishonea kitandani, kwa kuwa ule wa hospitali
ulikuwa aibu kwa fundi.
Majibu ya maabara yalikuja Jumanne. Kifuko, basi.
Hakikuwa na mizizi.

Ziemowit alikuja kunichukua.
Akanivika koti, akapapasa lake,
kisha, kwa mazoea, akapapasa na langu.
"Hamna kitu humu," akasema, sauti imemkauka.
"Najua."
Akanitazama kitambo, kisha akatabasamu upande mmoja,
kama mtoto aliyeona dada yake amekatiwa
kipande kikubwa cha mkate.

Tulisimama juu ya mto, tukingoja tramu.